"Sijambo, alhamdulillah": nesi anafundishwaje kuhudumia wagonjwa wasiofanana?

Bibi mmoja wa Pemba, umri wake miaka 70 na ushei, alikuwa na siku ya pili wodini. Asubuhi akapita mwanafunzi wa uuguzi na faili mkononi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Hujambo? Umeamkaje?" "Sijambo, alhamdulillah." Mwanafunzi akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na hana maumivu, kisha akasogea kitanda cha pili.

Mimi nilikuwa nyuma yake, ndiye niliyekuwa nikimsimamia. Nilimwomba bibi ruhusa nikafunua kanga miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka gotini, ngozi imekaza na inang'aa, na ukiugusa una moto kuliko wa kulia. Nikamuuliza: "Bibi, leo alfajiri umesali umesimama au umekaa?" Akanijibu kwa sauti ndogo: "Nimesali kwa ishara, mwanangu. Huu mguu hata kuugeuza siwezi." Daktari akaitwa mbio, kwa sababu mguu mmoja ukivimba namna ile huhofiwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Mwanafunzi yule hakuwa mvivu. Presha alipima, joto alipima, na maandishi yake yalikuwa safi. Wala hakuwa mgeni. Ni mtoto wa Unguja, na ukimuuliza yeye mwenyewe hujambo huku ana homa ya nyuzi 39, atakujibu sijambo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. "Hujambo" yetu ni salamu na "alhamdulillah" ni shukurani. Mtu hushukuru katika hali zote, na mzee wa heshima haanzi kumlalamikia kijana aliyemwamkia vizuri. Mwanafunzi alipokea adabu akaiandika kama dalili.

Kisa hicho kinanirudia kila nikisikia watu wakibishana kuhusu haya mafunzo ya "kuhudumia wagonjwa wa tamaduni tofauti" yanayotajwa siku hizi katika masomo ya uuguzi. Barazani utasikia mengi. Mmoja anasema nesi ajue kuchoma sindano basi, utamaduni wa nini? Wa pili anasema hapa kwetu sote Waislamu, sote Waswahili, hizo tofauti ziko wapi? Wa tatu ana hofu kwamba vijana wetu wanafundishwa kuiacha dini yao ili wawaridhishe wageni. Nadhani wote watatu wanastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu ni watoto wao watakaosoma kozi hiyo, na wao wenyewe ndio watakaolazwa.

Kwanza maneno yenyewe. Tukisema wagonjwa wasiofanana, hatuzungumzii kabila na dini tu. Tunazungumzia umri, lugha, jinsia, ulemavu, kipato, elimu, mahali mtu anakotoka na kile anachoamini kuhusu ugonjwa wake. Mvuvi wa Tumbatu asiyesoma na mwalimu wa skuli wa mtaa wa Mombasa, ule wa hapa Unguja, dini yao moja na lugha yao moja. Ukiwapa karatasi ileile ya maelezo ya dawa umemhudumia mmoja tu.

Fani yenyewe ina mwanzo unaojulikana. Katika miaka ya 1950 nesi wa Kimarekani, Madeleine Leininger, alikuwa akihudumia watoto wenye matatizo ya akili, akaona kwamba watoto wa asili tofauti hawatulizwi na mambo yaleyale. Akaenda kusoma elimu ya tamaduni za binadamu hadi udaktari wa falsafa, kisha akajenga tawi zima la uuguzi juu ya swali moja: mgonjwa huyu, kwao, kutunzwa ni kufanywa nini? Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, nesi wa Kimaori wa New Zealand, Irihapeti Ramsden, akaligeuza swali. Alisema haitoshi nesi kujifunza mila za mgonjwa. Ajitazame na yeye: ameingia wodini na dhana gani, na je, mgonjwa anajiona salama mbele yake? Wazo lake likaitwa usalama wa kitamaduni, na mwaka 1992 baraza la wauguzi la nchi hiyo likaliingiza katika masharti ya mafunzo.

Mimi naegemea kwa Ramsden, na kisa cha bibi ndiyo sababu. Kuna watu wanafikiri mafunzo haya ni kukariri orodha: Mhindi hali hiki, Mmasai hataki kile, Mpemba yuko hivi. Orodha ya namna hiyo ni hatari, kwa sababu inampa mwanafunzi jibu kabla hajauliza. Wako Wahindi wanaokula nyama na wako wasioila, na Wapemba wawili wa nyumba moja hutofautiana kwa mengi. Kinachofundishwa ni namna ya kuuliza, na namna ya kushtuka pale unapojikuta unadhani.

Kuna neno jengine linalochanganya: usawa. Utasikia nesi akijisifu kwamba yeye hana ubaguzi, anawahudumia wote sawasawa. Nia yake nzuri. Lakini mfikirie fundi wa kanzu pale Darajani. Kitambaa anachotumia ni kilekile na mshono ni uleule, wala hampi tajiri uzi imara akampa maskini uzi mbovu. Hata hivyo kila mteja anampima mabega na urefu. Angeshona kanzu zote kwa kipimo kimoja akadai anatenda haki, wangapi wangetoka wakiburura nguo chini? Katika uuguzi, ubora wa huduma ndio usiobadilika. Kipimo kinachukuliwa upya kwa kila anayekuja.

Sasa huyu wa "sote Waswahili". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na ni kweli walio wengi ni Waislamu. Lakini ndani ya Uislamu huo wako Sunni, wako Ibadhi, wako Ithnaasheri na Mabohora. Wako Wakristo wenye makanisa makongwe Mkunazini na Shangani, na wako Mabaniani. Nenda Nungwi au Paje ukaone vijana wa Kimasai, wapishi na wajenzi kutoka mikoa yote ya Bara, na watalii wa Ulaya waliojigonga na pikipiki. Wote hao wakiumwa wanaishia katika wodi zetu. Na hata tukiwaweka kando, lugha yetu wenyewe inatosha kutupoteza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mama wa shamba anasema, "Moyo unanichafuka." Mtu wa pwani anajua hiki ni kichefuchefu. Mwanafunzi aliyekulia kwengine, au aliyezoea kusoma vitabu vya Kiingereza tu, anasikia "moyo" na kuanza kuuliza habari za kifua. Mzee anasema, "Nina mshipa," na mwanafunzi anamtazama mkono, kumbe mzee anaficha kwa staha kwamba ana busha au ngiri. "Sijaingia mwezini", "naendesha", "nina kifua": kila neno lina maana yake nyumbani, na hakuna kamusi ya hospitali inayoyafundisha yote.

Halafu kuna saa. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa 2 yetu ya asubuhi ni 8 ya mgeni. Mwanafunzi akimwandikia mtalii "8" akiwa na maana ya saa 8 mchana, mgeni atameza kidonge asubuhi. Hili vijana hulishika upesi. Linalowashinda ni la usiku. Kwa wazee wengi siku mpya huingia jua linapozama, na "usiku wa Ijumaa" ni ule tunaolala Alhamisi. Sasa mwambie mzee anayepasuliwa Jumamosi asubuhi, "Usile kitu kuanzia usiku wa Ijumaa." Atafunga mdomo tangu Alhamisi magharibi, na kama ana sukari unaweza kumkuta Ijumaa mchana amelegea hajitambui. Anayefundishwa vizuri humwambia, "Kesho Ijumaa kula kama kawaida, baada ya sala ya isha usile tena," kisha humwomba ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho, kumwomba mgonjwa akueleze atafanya nini akifika nyumbani, ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika somo hili. Haichukui hata dakika moja, na kosa linajitokeza mbele yako badala ya kujitokeza kesho kwenye kitanda.

Maumivu nayo yana lugha. Vitabu vinamwambia mwanafunzi amwombe mgonjwa ayapime kutoka 0 hadi 10. Kwa kijana wa chuo hilo linakwenda. Kwa bibi yule namba hazina kazi, lakini swali la kusali umesimama au umekaa lilimtoa ukweli mara moja, kwa sababu kila Mwislamu anajua mgonjwa husali kwa kadiri ya uwezo wake. Asiyekuwa Mwislamu utamuuliza kama amekwenda chooni peke yake, au kama usiku alilala. Na chumba cha uzazi ndicho kinachowapoteza zaidi. Wanawake wengi wa huku wamefundwa na somo zao kwamba uchungu ni kujikaza, na kupiga kelele ni aibu kwako na kwa mama yako. Nimemwona mama ameuma pindo la kanga, macho kwenye dari, vidole vimeshika chuma cha kitanda mpaka kucha zimebadilika rangi, na wanafunzi wawili wanampita kwenda kwa yule anayepiga mayowe upande wa pili. Aliyenyamaza ndiye aliyekuwa karibu kuzaa. Ndiyo maana mwanafunzi anafundishwa kuweka mkono juu ya tumbo na kuhesabu uchungu kwa saa, asiupime kwa sauti.

Kuna mfano mmoja wa Zanzibar ambao natamani kila mzazi aujue, hata asiyejali uuguzi: kichocho. Wengi wetu tunakijua kama ugonjwa wa watoto wa kiume wanaokojoa damu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo ya chumvi, kwenye mito, madimbwi na mabonde ya mpunga, wakapenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima. Aina iliyopo Unguja na Pemba hushambulia njia ya mkojo. Lakini kwa mwanamke mayai ya minyoo hiyo huweza kukwama pia katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda, uchafu, maumivu na damu isiyo ya hedhi. Dalili hizo zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa.

Sasa mweke msichana wa miaka 17, hajaolewa, amekuja na mama yake na buibui lake, anaeleza hayo kwa kunong'ona. Nesi mwenye dhana tayari ameshahukumu. Anamtazama kwa jicho ambalo msichana hatalisahau, anauliza kwa sauti ambayo benchi zima la nje linaisikia, "Una mwanamme?" Msichana analia, mama anapigwa na butwaa, wanaondoka hawarudi tena. Ugonjwa unabaki mwilini, na kichocho cha sehemu za siri kikiachwa huweza kumletea mwanamke ugumba na kumweka karibu zaidi na maambukizi ya VVU. Nesi aliyefunzwa humtoa mama nje kwa adabu, hufunga mlango, na miongoni mwa maswali yake ya mwanzo ni: "Nyumbani mnafua wapi? Utotoni ulikuwa ukioga mtoni?" Masuala ya mume na mchumba yatakuja, kwa sababu lazima yaje, lakini yatakuja kwa sauti ya chini na kwa kueleza kwa nini yanaulizwa. Dawa ya minyoo hiyo, prazikwanteli, si ngeni kwetu. Inagaiwa maskulini na mitaani. Kilichokosekana pale ni swali.

Hata mwili wenyewe haufanani machoni. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe: mgonjwa aliyepungukiwa hewa "atabadilika kuwa bluu", kidonda cha kulalia "kitaanza na wekundu". Kwa ngozi zetu unatazama ndani ya midomo, ufizi, kucha na viganja, na kidonda cha kulalia unakitafuta kwa kugusa, kama pana moto au pamekakamaa. Vifaa navyo hudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kuona upungufu uliojificha kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Basi mwanafunzi akiona kidude kinasema salama na mgonjwa anahema kwa shida, amwamini mgonjwa.

Nije kwa yule mwenye hofu ya dini. Namheshimu, kwa sababu hofu yake inatokana na mapenzi. Mafunzo haya hayamtaki nesi abadilishe imani yake. Yanamtaka aijue vizuri nafasi ya imani ya mgonjwa, na kwa Zanzibar hiyo mara nyingi ni imani yake yeye mwenyewe. Chukua Ramadhani. Mgonjwa wa sukari atafunga, na mara nyingi atafunga bila kusema, akijua daktari atamkataza. Miongozo ya kitaalamu inashauri azungumze na wahudumu wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuingia, ili dozi zipangwe kufuata daku na futari. Wengi wanaogopa kupima sukari mchana wakidhani tone la damu kidoleni linabatilisha saumu, na wengine wanaacha sindano ya insulini kwa sababu hiyohiyo, ingawa wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema havifunguzi. Na sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita ya damu afungue hapohapo, kwani ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, sura ya Al-Baqara. Nesi hatoi fatwa. Akiona mgonjwa anasitasita, kazi yake ni kumwambia, "Muulize sheikh wako, na mwambie haya niliyokwambia kuhusu mwili wako."

Vivyo hivyo kombe na hirizi. Nimeshuhudia hirizi ya mtoto ikikatwa kwa mkasi na kutupwa kwenye pipa la taka mbele ya mama yake, ili mkono upate kuwekwa dripu. Ingetosha kusema, "Mama, naiomba hii tuihamishie mkono wa pili." Ukiikata, mama hatakwambia tena alichompa mtoto nyumbani, na huenda katika alichompa kuna mizizi iliyochemshwa ambayo daktari anahitaji sana kuijua. Swali zuri ni la kawaida kabisa: "Kabla ya kuja huku, nyumbani mmeshamjaribia nini?"

Na wanaume katika chumba cha uzazi? Hili linazua ugomvi kila siku. Kijana wa kiume anayesomea uuguzi hana budi kujifunza kuzalisha, kwa sababu huenda akapangiwa kituo cha kijijini akawa peke yake usiku. Mwanamke naye ana haki ya kuomba mhudumu wa kike, na pale alipo apewe bila kuonewa uso. Asipokuwepo, dharura ina hukumu yake katika fikihi, na stara inabaki: mlango umefungwa, shuka imefunika kisichohitajika, na anaelezwa kila hatua kabla mkono haujamgusa. Kijana aliyejifunza hayo namwamini kuliko nesi wa kike anayefunua mtu pazia likiwa wazi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, zinataka huduma itolewe kwa heshima bila kubagua umri, rangi, dini, utamaduni wala ulemavu, na sioni ni wapi hapo mwalimu wa madrasa angepinga.

Haya yote hayafundishiki kwa hotuba peke yake. Mkono unajifunza kutafuta mshipa kwa kurudia, kwanza kwenye sanamu, kisha kwa mgonjwa, na sikio ni hivyohivyo. Katika chumba cha mazoezi mtu huigiza mgonjwa: kiziwi aliyekuja na mtoto wake wa miaka 9 amtafsirie, au mwanamke ambaye mkwewe anamjibia kila swali. Mwanafunzi anapewa dakika chache. Je, ataridhika mtoto atafsiri habari za mimba ya mama yake, au atamtafuta anayejua lugha ya alama? Atamwomba mkwe kwa heshima asubiri nje, au atamwogopa? Hapo ndipo ninapoona nani yuko tayari kwenda wodini.

Baada ya zamu nawataka waandike mistari michache: leo nilimdhania nini mtu, na kilikuwa nini. Yule mwanafunzi wa bibi aliandika mstari mmoja tu siku ile. "Nilimuuliza hujambo, sikumuuliza mguu." Wiki ya pili nilimkuta amevuta kiti, amekaa usawa wa kitanda cha mzee mwengine, faili limefungwa mapajani, anamsikiliza mzee akihadithia safari ya ngalawa tangu mwanzo, mpaka akafika mahali ambapo kifua kilianza kumbana.